Kupatikana katika Wimbo

Nimechoka kuulizwa kwa nini muziki wa zamani ulikufa. Anayeuliza huwa ameketi kwenye kiti changu cha pekee kisichoyumba, na kabla sijafungua mdomo ameshajijibu mwenyewe: vijana wameharibika, muziki wa siku hizi ni kelele. Mimi humwitikia tu ili amalize chai aende zake. Maneno hayo niliyasikia kwa baba yangu kuhusu gitaa langu. Niliyasikia yakitoka kinywani mwangu mwenyewe kuhusu kinanda cha binti yangu. Na mama aliniambia kwamba babu aliyasema kuhusu filimbi ya baba. Anayetaka jibu la kweli itabidi avumilie nianze na tangazo la kanisani, maana kwetu mambo yote ya muziki yalianzia hapo.

Katika Kikamba, wimbo ni wathi. Ngoma ya kuchezwa nayo ni wathi. Ukifungua kitabu kanisani unaimba wathi, na ukienda uwanjani ukatingisha mabega mpaka vumbi lipande, huo nao ni wathi. Sisi hatukuona tatizo lolote. Mtu alijua ni upi kwa kutazama umevaa nini.

Baba alikuwa mzee wa kanisa huko kwetu upande wa Kasikeu, na pia karani wa kamati. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kamati ilikuwa imekasirishwa na ngoma zilizochezwa jioni karibu na soko, kwa kuwa walioimba kwaya Jumapili ndio hao hao walioonekana huko Jumamosi wakiwa na njuga miguuni. Sasa mwangalizi wa makanisa alikuwa anakuja kututembelea, naye hakujua Kikamba, kwa hiyo ikaamuliwa onyo liandikwe kwa Kiswahili. Kiswahili cha baba alikiokota kwenye genge la reli huko Emali, akibeba mataruma. Akawaza kwa Kikamba, akaandika kwa herufi kubwa, akabandika mlangoni:

MWAMINI YEYOTE AKIPATIKANA KATIKA WIMBO ATAONDOLEWA KANISANI.

Mwongozaji wa kwaya, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, alilisoma tangazo hilo Jumapili asubuhi, akalisoma tena, akatabasamu. Yeye na baba hawakupatana tangu baba alipomwambia mbele ya watu kwamba kwaya yake inaimba kama watu waliokatazwa kupumua. Akaingia ndani na kwaya yake nzima, wakaketi, wakakunja mikono.

Mwangalizi akasimama, akataja nambari ya wimbo. Kimya. Akadhani hawakusikia, akaitaja tena kwa sauti zaidi. Kuku aliingia kwa mlango wa pembeni, akatazama, akatoka.

"Bwana mwalimu, kuna shida?" mwangalizi akauliza.

"Hakuna shida, bwana," mwalimu akasema. "Ni vile tangazo inasema mtu asipatikane katika wimbo. Sasa sisi tunaogopa kupatikana."

Sisi watoto tulicheka mpaka tukafinywa. Baba aliinuka pale mbele, masikio yamemsimama. Nilifikiri ataeleza kosa lake, atasema alikusudia ngoma. Hakueleza. Baba hakuwa mtu wa kueleza. Alianza wimbo peke yake.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili na sikuwahi kumsikia akiimba hivyo. Nyumbani aliimba akimung'unya, kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni. Siku hiyo alirusha mstari wa kwanza juu, akaukata ghafla, akanyamaza, akingoja. Pengo lilikuwa refu hata nikaona aibu kwa niaba yake. Halafu wanawake wazee wa mabenchi ya nyuma, walioacha mambo ya dunia kabla sijazaliwa, wakaitikia kwa pamoja, na mabega yao yakashuka. Yalishuka mara moja tu, lakini niliyaona. Mama aliniinamia akanong'ona, "Huyo alikuwa ngui."

Ngui ndiye anayetunga wimbo na kuuongoza uwanjani, wengine wakamwitikia. Si cheo kidogo. Watu walitembea kutoka Emali hadi Kasikeu kumsikia ngui mzuri, na mama alikiri kwamba hata yeye alitembea. Lakini kulikuwa na desturi: ukishapata mtoto wako wa kwanza, unaondoka uwanjani, na waliobaki wanatafuta ngui wao. Hawachukui nyimbo zako. Wanatunga zao, na wanazipa jina jipya, hata kama ni mabega yale yale. Mtoto wa kwanza wa baba nilikuwa mimi. Mwaka huo huo akaokoka, na wathi wake ukaisha mara mbili kwa mpigo.

Tangazo lilibanduliwa Jumatatu, lakini maneno yake hayakutoka. Kwa miaka mingi baadaye, mtu akilewa, au akikutwa kwenye shamba la wenyewe na mahindi mfukoni, watu walisema amepatikana katika wimbo. Walisema hata mbele ya baba, naye alitazama pembeni.

Wiki chache baada ya hapo tulikuwa tukichimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia mvua isiondoke na shamba. Baba alikuwa mbele yangu, amenipa mgongo, anatupa udongo upande wa juu. Nikasikia mluzi. Ulikuwa wimbo wa polepole, unapanda, unakatika, kisha pengo, na katika pengo hilo sepeto lilizama udongoni. Halafu unaendelea. Niliusikiliza mtaro mzima. Sijui kama nimewahi kusikia kitu kizuri kuliko hicho, na nimesikia vitu vingi.

"Baba, huo ni wimbo gani?"

Akaacha kuchimba. "Upi?"

"Huo unapiga mluzi."

"Mimi sipigi mluzi," akasema. "Chimba."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na ulidumu miaka thelathini. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mzee huyo: akubali kwamba wimbo ule ulikuwa wake. Sikutaka aucheze. Sikutaka aache kanisa. Nilitaka anijibu swali nililomuuliza.

Kwa kuwa hakunijibu, nilijitengenezea gitaa. Nilichukua debe la mafuta, ubao wa kasha la chai na nyuzi za breki ya baiskeli, na kwa siku kadhaa vidole vyangu vilitoka damu nikitafuta wimbo ule. Baba hakulivunja gitaa hilo. Ningemsamehe kama angelivunja. Nilirudi kutoka shule nikalikuta kwenye banda la kuku, tundu limepanuliwa kidogo kwa tindo, kuku ametagia ndani.

"Angalau sasa ina kazi," baba akasema.

Nikaondoka nyumbani kwa hasira nilipomaliza darasa la saba. Sikwenda mbali, nilikwenda Emali, ambako malori ya Mombasa yalisimama na kila hoteli ilikuwa na redio. Nilijifunza kutengeneza baiskeli mchana, na jioni nilijifunza gitaa la kweli kwa mtu mmoja aliyepiga besi kwenye baa karibu na stesheni. Huyo mpiga besi ndiye rafiki pekee ninayemtaja hapa, kwa kuwa wengine waliokuja kwenye bendi yetu walikaa muda mfupi, wakaoa au wakaokoka. Tulianza kwa kupiga twisti, kwa sababu ndiyo watu walitaka. Mwaka uliofuata hawakuitaka. Walitaka rumba ya Kongo, na tukaimba kwa Kilingala ambacho hakuna aliyekijua, tukimung'unya kama baba. Halafu rumba nayo ikachosha, watu wakasema wanataka kusikia Kikamba. Nikamwambia mpiga besi, mimi nina wimbo wa Kikamba.

Niliutunga upya ule wa mtaroni. Niliupa maneno ya msichana wa Kasikeu, kwa sababu wakati huo lazima kuwe na msichana. Gitaa langu lilipanda, likakatika, na katika pengo besi ikashuka peke yake. Mara ya kwanza tulipoupiga Emali, madereva wa malori waliacha chakula. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya nje alikuja mlangoni, akasimama na karai lake kichwani, na kwenye pengo mabega yake yalishuka. Nyanya haikuanguka hata moja. Nikajua nimeupata.

Basi tukaenda Nairobi kuurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja huko River Road, juu ya duka la magodoro, na mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Alitusikiliza akitazama saa ya ukutani. Hakutazama kitu kingine chochote, hata sisi. Tulipomaliza akasema, "Nyimbo ni tamu. Ni ya dakika tano. Sahani ya santuri inabeba tatu."

"Tukate ubeti?" nikauliza.

"Hapana, watu wanataka hiyo hadithi. Kimbieni." Kisha akasema, "Na hapo katikati mnanyamaza kwa nini? Mtu atafikiri redio imekufa. Jazeni."

Mpiga besi akanitazama. Aliniambia kwa Kikamba kwamba hakuna atakayegundua. Tukakimbia. Tukajaza pengo kwa gitaa la pili, ti-ti-ti-ti, bila kupumua, tukamaliza wimbo na sekunde zikabaki. Mwenye studio alifurahi sana. Anayetaka kujua kwa nini muziki wetu ulipata mbio miaka ile aache kunitajia roho za mababu na mwendo wa kisasa. Mtu alitazama saa. Ndiyo maana nyimbo zote zilizotufuata pia zilikimbia, kwa kuwa ile yetu ilipendwa na kila kijana mwenye gitaa aliiga hata makosa yetu.

Ilipendwa, sikatai. Ilipigwa kwenye redio katika kipindi cha Kikamba, na nikaenda nyumbani makusudi siku niliyojua itapigwa. Mama alikuwa ameanika betri za redio juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Tuliketi sote, baba na kikombe chake. Wimbo ulipoanza niliona mkono wake umetulia juu ya kikombe. Ulipofika pale penye pengo, ambapo sasa palikuwa na ti-ti-ti-ti, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa, halafu akaweka kikombe chini na kuinuka.

"Unaenda wapi?" mama akamuuliza.

"Kuangalia ng'ombe," akasema.

Hatukuwa na ng'ombe mwaka ule. Ukame ulikuwa umewamaliza wote, na baba mwenyewe ndiye aliyemchuna wa mwisho. Alikaa kwenye zizi tupu mpaka kipindi kikaisha. Nililia kwa hasira njia nzima kurudi Emali, mtu mzima na ndevu zangu.

Kuanguka kwetu tulikusababisha wenyewe, ingawa mpiga besi hakuwahi kukubali. Kwanza tulianza kusalimia watu ndani ya nyimbo. Ilikuwa heshima: mtu akitulaza kwake, tunamtaja. Halafu mwenye duka akataka kutajwa, dereva wa lori, utingo wake, shemeji wa utingo. Mwisho wimbo ulikuwa na mistari miwili ya mapenzi, na iliyobaki ni kama mwalimu anaita rejista. Waliotajwa walifurahi. Wasiotajwa, ambao ndio wengi, walichoka. Na vijana walipoona baba zao wanatajwa kwenye muziki wetu, walituona sisi ni wa baba zao. Hapo hakuna dawa. Kijana anataka ngoma ambayo mzazi wake hawezi kuicheza, na siku mzazi anapoijua, kijana ameshahamia kwingine.

Siku niliyojua tumekwisha ilikuwa Mwingi, miaka ya themanini inaanza. Tulikuwa tumekubaliana na mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mwenye asili ya kaskazini-mashariki, mtu mpole mwenye ua mkubwa karibu na barabara ya Garissa, kwamba tutapiga siku ya soko la mbuzi. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa muziki, alisali zake tano, lakini alikuwa na ua. Tulifika watu sita na ngoma zetu na magitaa yetu, vumbi mpaka kwenye kope. Muziki ulikuwa tayari unalia. Ndani ya ua alikuwa mtu mmoja, na jenereta, spika mbili ndefu zilizopakwa rangi nyekundu, na sanduku la santuri. Kamandiko, ndivyo watu walivyoiita: disko ya kutembeza. Watu walikuwa wamejaa. Na wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wetu.

"Ndugu zangu, poleni," mwenye ua akasema, akitutolea chai mwenyewe. "Huyu alikuja jana. Ni mtu mmoja, analala mahali moja, anakula sahani moja. Nyinyi ni sita, na mnaimba nyimbo ileile."

"Lakini sisi ndio wenye nyimbo!" mpiga besi akasema.

"Naam," akasema. "Lakini yeye hakosei."

Tulikunywa chai. Tulisimama nje ya ua tukijisikiliza, na nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi tulivyokuwa tunakimbia.

Kamandiko nayo ilikufa, jambo ambalo halikunifurahisha kama nilivyotarajia. Zilikuja kanda. Kila duka la Emali likawa linanakili kanda kutoka kwa kanda, na nakala kutoka kwa nakala, mpaka besi ya rafiki yangu ikasikika kama sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, inayochemka. Yeye alihamia Mombasa kupiga kwenye hoteli. Mimi nikatundika gitaa ukutani, nikabaki na baiskeli zangu. Nilikuwa nimeshaoa na kupata binti, na kwa sababu ya mke wangu nikarudi kanisani, kanisa lile lile la Kasikeu, ambako nilikuta spika mbili ndefu. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa aya, lakini pale rangi ilipobanduka niliona nyekundu. Mwenye kamandiko alikuwa ameokoka na kutoa sadaka. Walinieleza hayo kwa furaha, na mimi nilibaki nikifikiria gitaa langu ndani ya banda la kuku.

Binti yangu alijifunza kinanda hapo kanisani, kinanda cha umeme chenye vitufe vya biti. Unabonyeza nambari, ngoma inajipiga yenyewe, wewe unaongeza vidole. Tuligombana sana juu ya vitufe hivyo. Nilimwambia huo si muziki, ni kelele, na mara tu neno hilo liliponitoka nilitamani kujipiga kofi. Siku moja mwaka wa tisini na kitu alinionyesha wimbo aliotungia kwaya ya vijana. Maneno yalikuwa ya wokovu. Sauti ilikuwa ile ya mtaroni.

"Hii umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Si ni ile yako? Ile unapiganga mluzi ukitengeneza baiskeli."

"Mimi sipigi mluzi," nikasema.

Niliyasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Binti yangu akacheka, akabonyeza kitufe chake, na wimbo ukaenda kwa mbio kuliko hata ule wa River Road. Pengo halikuwepo. Nilimwambia apunguze. Akasema biti ikipungua zaidi ya hapo vijana wanalala.

Jumapili waliyouimba, baba alikuwa ameketi benchi la mbele la wazee, na fimbo yake kati ya magoti. Miaka sabini alikuwa ameshaipita. Mimi nilikaa nyuma, nikijiambia sitamtazama, na sikumwondolea macho. Vijana walianza kuruka. Waliruka mpaka vumbi likapanda, na mchungaji mwenyewe, kijana wa tai nyekundu, akaruka nao. Ubeti wa kwanza, baba alitulia. Ubeti wa pili, niliona shingo yake imenyooka. Kisha akasimama. Fimbo ikaanguka. Pale ambapo pengo lingekuwa, mabega yake yakashuka, polepole, kwa mwendo wake mwenyewe, biti ikimpita kama lori linavyompita mtu wa miguu. Akainua mkono, na sauti ikatoka, ile ya siku ya tangazo, imechakaa lakini ni ile. Alirusha mstari juu, akaukata, akangoja.

Hakuna aliyemwitikia. Wale wanawake wa mabenchi ya nyuma walikuwa wamekufa wote, na mama pia.

Wahudumu wawili walimfikia kabla yangu. Dakika moja iliyopita walikuwa wakirukaruka kama mbuzi waliofunguliwa, na sasa walikuwa wamemshika makwapa. "Hiyo ni ya kilumi," mmoja akamwambia mwenzake, akimaanisha ngoma ya wazee ya kuitia pepo. "Mzee ameshikwa na pepo." Mchungaji akasema kwenye maikrofoni tumwombee mzee wetu. Wakamtoa nje kwa mlango wa pembeni, mzee aliyeandika kwa mkono wake kwamba atakayepatikana katika wimbo ataondolewa.

Niliwasukuma. Nilisema maneno ambayo hayafai kanisani, na sijayatubu mpaka leo. Nilimkuta baba amekaa kwenye saruji ya tangi la maji, anahema. Wahudumu walipouona uso wangu walirudi ndani. Binti yangu alikuwa ameacha kinanda na kutufuata akikimbia, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kukizima, biti iliendelea kujipiga yenyewe huko ndani, maneno ya wokovu yameisha, mchungaji akiomba juu yake.

"Umau, uko sawa?" akauliza, akimwita babu kwa Kikamba huku akipiga magoti mbele yake. "Pole. Pole sana."

Baba alikuwa ananitazama mimi. Nilijua huenda nisiipate nafasi nyingine, na nilikuwa na hasira ya kutosha.

"Baba," nikasema, "huo ni wimbo gani?"

Alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Ni wangu," akasema. "Nilitunga nikiwa mwanaume wa kuringa. Mama yako alikuja na miguu kutoka ng'ambo ya mto kuskia." Kisha akakunja uso. "Lakini mmeharibu. Wewe uliharibu kwa redio, na huyu ameharibu zaidi. Mnakimbia kwenda wapi?"

"Ni biti ya kinanda, Umau," binti yangu akasema. "Haiwezi kungoja."

"Sasa hiyo ni kitu gani haiwezi kungoja mtu avute pumzi?"

Nilianza kueleza. Nilimwambia juu ya mwenye studio, saa ya ukutani, sahani inayobeba dakika tatu. Nilieleza miaka ishirini na zaidi kwa pumzi moja, na yeye akaniangalia kama alivyoniangalia siku zote nilipokuwa nikichimba mtaro bila kunyoosha.

"Mimi niliskia siku hiyo ya redio," akasema. "Nikangoja hapo katikati. Nikasema, huyu ni mtoto wangu, ataacha pahali. Hukuacha. Nikaenda kwa ng'ombe."

Miaka yote hiyo nilidhani aliondoka kwa kuwa ni dhambi.

Akapiga makofi, moja, na jingine, polepole mno, hata nikafikiri amesahau. "Haya. Imba."

Niliimba, mtu wa miaka arobaini na kitu, kando ya tangi la maji, binti yangu akinifuata kwa sauti ya chini. Tulipofika kwenye pengo tuliingia mapema. Akatusimamisha kwa mkono. Tukaanza tena, tukaingia mapema tena.

"Bado," akasema. "Ngojeni mpaka muone mtu ataanguka."

Ndani, kinanda kilikuwa bado kinakimbia peke yake. Tulijaribu mara ya tatu. Niliurusha mstari juu, nikaukata, nikafunga mdomo kwa nguvu na kungoja, na pengo likawa refu, refu kuliko nilivyoweza kuvumilia, mpaka kutoka kwenye ile saruji baba yangu akaniitikia.